Kupima uhai na uotaji wa mbegu za pilipili: mwongozo kamili kwa mwenye kitalu na mtunza mbegu

Mbegu ya pilipili isiyoota huwa katika moja ya hali tatu. Huenda imekufa. Huenda iko hai lakini imelala, yaani ina kizuizi cha ndani ambacho muda wake haujaisha. Au iko hai na macho, ila haijapata joto, maji au hewa inayoitosha. Kwa macho zote tatu zinafanana, na ndiyo maana mbegu nzima hutupwa na mbegu mfu hurudishwa kwenye kopo. Kipimo kizuri huzitenganisha hali hizo, kisha huonyesha jambo ambalo asilimia peke yake haisemi: nguvu ya mbegu, kama mche utatoka kwa kasi na kusimama wenyewe.

Kazi hii haihitaji maabara. Inahitaji mbegu 100, tishu za jikoni, vyombo vinne vyenye mfuniko, kipimajoto, na uvumilivu wa wiki mbili hadi nne. Wengi huona kipimajoto ni cha anasa, nacho ndicho kifaa ambacho kikikosekana matokeo yote yanapoteza maana.

Jua kwanza ni pilipili gani

Pilipili zinazolimwa ni spishi tano, zote asili yake ni bara la Amerika. *Capsicum annuum* ndiyo yenye hoho na pilipili nyingi ndefu nyekundu. *Capsicum chinense* ndiyo pilipili mbuzi, jamii ya habanero. *Capsicum frutescens* ndiyo pilipili kichaa, ile ndogo inayosimama wima mtini. Mbili zilizobaki, *Capsicum baccatum* na *Capsicum pubescens*, ni za Amerika Kusini na kwetu hupatikana zaidi kwa watu wanaokusanya aina mbalimbali. Pilipili manga haimo humu kabisa. Huo ni mmea wa ukoo mwingine, na mbegu yake hupimwa kwa njia nyingine.

Tofauti hii inaathiri kalenda yako moja kwa moja. Mbegu za *annuum* zikiwa nzuri na zenye joto sahihi huanza kutoa mzizi siku ya tano hadi ya nane. Pilipili mbuzi na kichaa huchukua wiki mbili, na si ajabu nyingine kutoka wiki ya tatu au ya nne. Mtu aliyezoea hoho akipima kichaa kwa siku kumi ataandika asilimia 20 mahali ambapo ukweli ni 75.

Jambo la rangi nalo. Mbegu nzuri ya spishi nne za kwanza ni ya manjano hafifu, rangi ya majani makavu ya mpunga, na ina mng'ao kidogo. Ikiwa ya kahawia au yenye madoa meusi, mara nyingi ilitoka kwenye tunda lililooza au ilikaushwa polepole mno. Lakini *pubescens* ina mbegu nyeusi kwa asili yake. Usizitupe kwa rangi.

Mbegu inayofaa kupimwa

Kipimo hakiwezi kurudisha kilichopotea shambani. Mbegu huchukuliwa kwenye tunda lililoiva kabisa na kubadilika rangi lote. Tunda la kijani huwa na mbegu zenye umbo zuri ambazo viinitete vyake, yaani mimea michanga iliyo ndani ya mbegu, havijakomaa. Ukishavuna, acha matunda yakae kivulini wiki moja hadi mbili kabla ya kuyapasua, kwa kuwa mbegu huendelea kukomaa humo ndani. Yakianza kuoza, pasua mara moja.

Mbegu zilizotolewa leo zisipimwe kesho. Pilipili nyingi, hasa kichaa na mbuzi, huwa na usingizi wa muda baada ya kuvunwa, na usingizi huo huisha wenyewe mbegu zikikaa kavu kwa wiki kadhaa. Ukikausha na kusubiri mwezi mmoja hadi mwezi na nusu, utapata jibu la kweli zaidi.

Pilipili kavu za sokoni zina mbegu pia, na watu huuliza kama zinaota. Zilizokaushwa kivulini huota vizuri. Zilizokaushwa kwa moto, kwenye kikaushio chenye joto kali au juu ya bati la saa saba mchana zinaweza kuwa zimekufa zote. Hapo ndipo kipimo kinapokuokoa kabla hujajaza trei 20.

Mbegu chotara ulizotoa kwenye tunda la chotara zitaota vizuri tu, lakini mimea itatofautiana na mama yake. Kipimo cha uotaji hakisemi lolote kuhusu asili ya mbegu.

Kipimo cha kuelea, na kwa nini usikitegemee

Njia inayosambazwa sana ni kumwaga mbegu kwenye glasi ya maji na kutupa zinazoelea. Kwa maharage inaweza kukusaidia kiasi. Kwa pilipili inapotosha. Mbegu ya pilipili ni bapa, nyepesi, na ganda lake hushika viputo vya hewa, kwa hiyo mbegu kavu iliyo hai huelea kwa urahisi. Upande wa pili, mbegu iliyokufa kwa joto au uzee ina kiinitete kizima chenye uzito uleule, nayo huzama vizuri kabisa. Kuelea kunaweza kutenga mapepe matupu, basi, na hata hayo ni lazima uzikoroge mbegu na kuziacha saa kadhaa kwanza. Kutenga mapepe ni usafishaji. Uhai hauonekani majini.

Kuchukua sampuli bila kujidanganya

Mwaga mbegu zote kwenye sinia, changanya kwa mkono mkavu, kisha chota kidogokidogo kutoka sehemu nyingi hadi upate idadi unayotaka. Usichague nono. Ukichagua nono utapima macho yako, si mbegu zako. Ondoa tu mawe, vipande vya tunda na mbegu zilizovunjika zaidi ya nusu. Vaa glavu au nawa vizuri baadaye: ukali wa pilipili uko kwenye utando unaoshika mbegu, na mabaki yake hubaki juu ya mbegu hata zikikauka.

Idadi ni suala la hesabu, na hapa wengi huteleza. Tuseme nane kati ya mbegu 10 zimeota. Unaandika asilimia 80, lakini kwa sampuli ndogo hivyo ukweli wa mzigo mzima unaweza kuwa popote kati ya takriban asilimia 50 na 94. Zikiota 40 kati ya 50, ukweli uko kati ya takriban 67 na 89. Zikiota 80 kati ya 100, uko kati ya 71 na 87. Maabara zinazofuata kanuni za ISTA, shirika la kimataifa la upimaji wa mbegu lililoanzishwa mwaka 1924, hutumia mbegu 400 kwa mafungu ya 100. Kwa mwenye kitalu, mbegu 100 katika mafungu manne ya 25 zinatosha. Mwenye mbegu 30 tu za aina adimu apime 10, na kila inayoota aihamishie kwenye trei, hapotezi kitu.

Kipimo chenyewe, hatua kwa hatua

*1. Andaa vyombo.* Vikopo vinne vya plastiki vyenye mfuniko unaoonyesha ndani vinafaa kuliko mifuko, kwa sababu miche hupata nafasi ya kusimama na wewe unaona bila kufunua. Osha kwa sabuni, kisha suuza kwa maji yenye jiki kidogo.

*2. Safisha mbegu kama hazijapakwa dawa.* Mbegu za rangi ya waridi, buluu au kijani cha kung'aa zimepakwa dawa kiwandani. Ziache hivyo na usizishike kwa mkono mtupu. Zisizo na dawa zitie kwenye mchanganyiko wa mililita 20 za jiki yenye nguvu ya asilimia 3.5 na mililita 50 za maji, dakika 10, huku ukitikisa. Suuza mara tano kwa maji safi. Hii huondoa kuvu wa juu ya ganda ambao wangefanya mbegu nzuri ionekane imeoza.

*3. Weka karatasi.* Tandika tabaka mbili au tatu za tishu nene za jikoni, nyeupe, zisizo na manukato. Lowesha, kisha inamisha chombo na umwage maji yote yanayotiririka. Bonyeza kwa kidole: karatasi iwe na unyevu, lakini maji yasikusanyike kuzunguka kidole. Hapa ndipo vipimo vingi huharibika. Mbegu iliyofunikwa na utando wa maji haipati hewa, nayo hufa taratibu ikionekana kama ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

*4. Panga mbegu.* Mbegu 25 kila chombo, safu tano za tano, zikiachana sentimita moja na nusu au zaidi. Mpangilio wa safu hukuwezesha kujua ni mbegu ipi imeota siku gani, na kuvu wa mbegu moja asifike kwa jirani. Funika, ukiacha upenyo mdogo wa hewa.

*5. Andika lebo.* Aina, mahali zilipotoka, tarehe ya kuvuna kama unaijua, tarehe na saa ya kuanza, namba ya fungu. Andika kwenye chombo, si kwenye mfuniko, kwa kuwa mifuniko huchanganyika.

*6. Weka kwenye joto.* Kanuni za ISTA kwa pilipili zinataka joto la kupanda na kushuka: nyuzi 20 kwa saa 16 na nyuzi 30 kwa saa 8. Kwa bahati nzuri huo ndio usiku na mchana wa sehemu nyingi za kwetu. Kama huwezi kubadilisha joto, nyuzi 25 hadi 28 bila kubadilika hutoa matokeo mazuri.

*7. Kagua kila siku, saa ileile.* Hesabu mbegu zilizotoa mzizi mpya wa angalau milimita 2, uandike. Usiziondoe bado. Karatasi ikikauka ongeza maji kwa kitone, pembeni, yasigonge mbegu.

*8. Toa mwanga.* Mbegu za pilipili huweza kuota gizani, lakini miche ya gizani hurefuka na kupauka hata ushindwe kutofautisha mzima na mgonjwa. Mwanga wa dirishani usio wa jua kali unatosha. Chombo chenye mfuniko kikipigwa na jua moja kwa moja hupikika ndani ya nusu saa.

*9. Hesabu mara mbili rasmi.* Kwa hoho na *annuum* nyingine: siku ya 7 na siku ya 14. Kwa mbuzi, kichaa, *baccatum* na *pubescens*: siku ya 14 na ya 21, na ukiona bado kuna mbegu ngumu, endelea hadi siku ya 28.

Joto linavyobadili jibu

Mbegu za *annuum* zilizo nzuri, zikipandwa kwenye udongo wenye nyuzi 25 au 30, huchomoza baada ya siku zipatazo 8. Kwenye nyuzi 20 huchukua siku 13. Kwenye nyuzi 15 huchukua siku 25, nyingi zikiozea njiani. Kwenye nyuzi 35 huchukua siku 9, lakini ukipita hapo uotaji huporomoka.

Kwa hiyo mtu wa Njombe, Lushoto au Limuru anayepima mwezi Julai kwenye meza ya sebuleni anapima baridi. Vyombo vyake vinahitaji boksi la karatasi ngumu lenye taa ndogo ya kuatamia vifaranga na kipimajoto kando ya mbegu, si ukutani. Mtu wa Dar es Salaam, Mombasa au Unguja hahitaji taa. Chumba chake tayari kina joto zuri, mradi chombo kisiwe karibu na paa la bati. Lakini wa Pwani ana tatizo ambalo wa nyanda za juu analo kidogo: mbegu zake huzeeka kabatini kwa sababu ya unyevu wa hewa. Nitalirudia mwishoni.

Kusoma mche, si mzizi

Mzizi ukitokeza watu husema "imeota" na kufunga hesabu. Hapo umepata nusu ya jibu. Shambani unahitaji mche, na kati ya mzizi na mche kuna mambo mengi.

Tazama kwa karibu. Mbegu hunyonya maji siku ya kwanza na kuvimba, kisha hutulia siku kadhaa bila dalili yoyote. Wakati huo sehemu ya akiba ya chakula iliyo mbele ya ncha ya mzizi inalainishwa, na hilo ndilo kwa kiasi kikubwa hufanya pilipili iwe polepole kuliko nyanya. Kisha ncha nyeupe hutokeza penye kidomo cha mbegu. Siku moja au mbili baadaye huota vinyweleo laini ambavyo mgeni huviita ukungu. Njia ya kutofautisha: vinyweleo vimezunguka mzizi kwa usawa karibu na ncha na hulala ukivinyunyizia maji, ukungu hutapakaa bila mpangilio, hupanda juu ya ganda na karatasi. Baadaye shina changa hujikunja kama ndoano, hunyooka, na kuvuta majani mawili ya awali kutoka kwenye ganda.

Mche wa kawaida una mzizi mkuu mrefu wenye vinyweleo, shina changa zima, na majani mawili ya awali ambayo angalau nusu ya eneo lake ni zima. Huo tu ndio unaohesabiwa katika asilimia ya uotaji.

Mche usio wa kawaida ni wenye mzizi uliodumaa kuwa kibutu, shina lililovimba na kung'aa kama kioo, majani yaliyooza kuanzia chini, au mzizi unaoelekea juu badala ya chini. Mbegu kuukuu hutoa mingi ya namna hii, na mzigo wenye mizizi asilimia 85 lakini miche ya kawaida asilimia 60 ni mzigo wa asilimia 60. Ganda lililong'ang'ania majani si kasoro lenyewe. Dondoshea maji, subiri siku moja, litoke lenyewe. Ukilivuta kavu utakata majani. Na mche ulioozeshwa na jirani yake, huku wenyewe ulikuwa mzima, uhesabu kuwa wa kawaida.

Zilizobaki: zilizolala au zimekufa?

Siku ya mwisho chukua kila mbegu isiyoota na uibonyeze taratibu kwa kibano. Ikipasuka na kutoa uji wa kijivu, imekufa. Ikiwa tupu, ni pepe. Ikiwa ngumu, imevimba na haina ukungu, kata kwa wembe kwa ubapa wake: kiinitete kimejikunja kuzunguka ukingo. Kikiwa cheupe na kigumu, mbegu hiyo huenda ilikuwa hai. Kikiwa cha kijivu, cha manjano au kilaini, imekufa.

Hesabu zako nne, yaani miche ya kawaida, isiyo ya kawaida, mbegu ngumu zisizoota na zilizokufa pamoja na mapepe, lazima zifike 100. Zisipofika, kuna mbegu imepotea au imehesabiwa mara mbili.

Linganisha pia mafungu manne. Ukipata 21, 22, 20 na 9, fungu la mwisho lina tatizo la maji au kuvu, si la mbegu. Usichukue wastani, rudia.

Kuziamsha zilizolala

Kama mbegu ngumu zisizoota ni zaidi ya moja kwa kumi, fanya kipimo cha pili kwa sampuli mpya. Dawa ya kwanza ya kujaribu ni potasiamu naitreti, ileile mbolea ya kunyunyizia majani iliyoandikwa 13-0-46. Gramu 2 kwa lita 1 ya maji. Loweshea karatasi mara moja tu mwanzoni, kisha siku zote baadaye ongeza maji matupu. Ukiongeza dawa kila siku chumvi hukusanyika na kuunguza mizizi.

Isipotosha, tumia asidi ya jibereliki, homoni ya mimea: gramu 0.5 kwa lita 1. Unga wake hauyeyuki vizuri majini, hivyo uyeyushe kwanza kwa matone machache ya spiriti safi. Loweka mbegu saa 24, suuza, panga kama kawaida. Miche yake hurefuka isivyo kawaida, kwa hiyo itumie kujua kama mbegu zilikuwa zimelala, na si kama mazoea ya kitalu.

Kupishana kwa joto la usiku na mchana nako huamsha, na hakuna gharama. Mara nyingi hilo peke yake linatosha kwa pilipili kichaa. Kuloweka kwenye maji ya moto, kusugua kwa msasa au kuweka kwenye friza ni mambo ya mbegu za aina nyingine. Ganda la pilipili hupitisha maji bila msaada.

Jibu la siku mbili: kipimo cha tetrazoliamu

Mnunuzi wa mbegu nyingi huenda asiweze kungoja mwezi. Maabara, kama zile za taasisi za ukaguzi wa mbegu, TOSCI nchini Tanzania na KEPHIS nchini Kenya, zina njia ya rangi. Chumvi ya tetrazoliamu haina rangi, lakini vimeng'enya vya chembe hai inayopumua huigeuza kuwa nyekundu isiyoyeyuka. Penye uhai pana wekundu, penye kifo pabaki peupe.

Mbegu huwekwa kati ya karatasi zenye unyevu usiku kucha, takriban saa 18. Kisha hutobolewa au kukatwa kidogo katikati ya ubapa. Mahali hapo huchaguliwa kwa sababu kiinitete kimezunguka ukingoni, na wembe wa katikati haukigusi. Huzamishwa kwenye myeyusho wa asilimia 1 (gramu 1 kwa mililita 100, pH kati ya 6.5 na 7.5), gizani, nyuzi 30, saa 18 hadi 24. Baadaye hupasuliwa kwa ubapa na kutazamwa kwa lenzi.

Mbegu hai ina kiinitete chekundu cha kawaida chote, pamoja na ncha ya mzizi. Ncha ikiwa nyeupe, mbegu haitatoa mche hata kama sehemu nyingine zimekoza. Wekundu mzito wa damu kwenye nyama laini ni alama ya jeraha, si ya afya. Kwa pilipili tazama pia akiba ya chakula inayozunguka kiinitete, kwa kuwa nayo ni tishu hai na inapaswa kuwa nyekundu.

Tetrazoliamu huhesabu hai zote, zilizolala na zilizo macho. Ikitoa asilimia 88 na karatasi ikatoa 60, sehemu kubwa ya ile 28 ya katikati imelala au ni dhaifu. Zote mbili zikitoa 60, usipoteze pesa kwa dawa za kuamsha.

Nguvu ya mbegu

Mizigo miwili yenye asilimia 80 inaweza kutofautiana sana kitaluni. Kokotoa wastani wa siku za kuota: zidisha idadi ya mbegu zilizotoa mzizi kila siku kwa namba ya siku hiyo, jumlisha, kisha gawa kwa jumla ya zilizoota. Mfano, 20 siku ya 6, 40 siku ya 8 na 20 siku ya 11: (120 + 320 + 220) ÷ 80 = siku 8.25. Mzigo mwingine wa aina hiyohiyo ukitoa siku 12 kwenye joto lilelile, huo ni mbegu zilizochoka. Zitakaa udongoni muda mrefu zaidi, na kila siku ya ziada ni nafasi kwa kinyausi, ugonjwa unaoozesha miche michanga.

Hakiki kwa trei. Panda mbegu 50 za sampuli ileile kwenye mchanganyiko wako wa kawaida wa kitalu, kina cha nusu sentimita hadi sentimita moja. Karatasi ikitoa 85 na trei 78, mambo ni mazuri. Karatasi 85 na trei 45, basi mbegu ni dhaifu au kitalu chako kina shida: udongo mzito, maji mengi, mbegu zimefukiwa mno. Panda mbegu mpya unayoiamini kando yake ujue ni lipi.

Kutoka asilimia hadi gramu

Ekari moja kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 50 huchukua mimea ipatayo 10,800. Ongeza moja kwa kumi ya kuziba mapengo: 11,900. Kama uotaji ni asilimia 70 na kitaluni miche 85 kati ya 100 hufika shambani, gawa 11,900 kwa 0.70 na kwa 0.85, unapata mbegu 20,000. Mbegu 1,000 za hoho zina uzito wa gramu 6 hivi, kwa hiyo unahitaji gramu 120. Za kichaa ni ndogo zaidi; hesabu 100 zako mwenyewe na uzipime.

Uotaji wa 80 na zaidi, weka mbegu moja kila kitundu. Kati ya 50 na 80, weka mbili na upunguze baadaye. Chini ya 50, mbegu ya biashara isipandwe. Gharama ya trei, kokopiti (unga wa makumbi ya nazi wa kujazia trei) na kazi inazidi thamani ya mbegu. Mbegu adimu ni suala jingine: ziotesheni zote kwenye karatasi, na mzizi ukifika milimita 3 hadi 5 hamishia kitunduni kwa ncha ya kijiti kilicholoweshwa. Ukingoja mzizi upenye kwenye tishu, utakatika.

Mbegu unazotaka kuzitibu kwa maji moto dhidi ya bakteria wa madoa, nyuzi 52 kwa dakika 30, zipime kabla na baada, kwa sampuli ndogo kwanza. Mbegu mpya huvumilia. Kuukuu hufa nyingi.

Kuzihifadhi zisirudi nyuma

Kuna kanuni ya zamani ya watunza mbegu: kila unyevu wa mbegu ukishuka kwa asilimia 1 maisha yake huongezeka maradufu, na kila joto la stoo likishuka kwa nyuzi 5 huongezeka maradufu tena. Unyevu ndio wa kuanza nao. Kausha kivulini penye upepo, tabaka jembamba, isizidi nyuzi 35. Kisha kunja mbegu moja kwa vidole: ikivunjika kwa mlio imekauka, ikijipinda bado.

Pwani, hewa yenyewe haitakausha mbegu kufikia hapo. Zifungie siku saba hadi kumi kwenye chupa isiyopitisha hewa pamoja na silika jeli (chembe zinazonyonya unyevu) yenye uzito sawa na mbegu, au mchele uliokaangwa bila mafuta ukapoa ndani ya chombo kilichofungwa. Tenganisha kwa kitambaa chepesi. Baada ya hapo weka kwenye chupa kavu, ndani ya friji, chini ambapo joto halichezi. Mbegu zisizokauka zisiingie friza, barafu itapasua chembe.

Unapotoa chupa kwenye friji ili upime tena, iache mezani hadi kesho yake kabla ya kuifungua. Ukiifungua ikiwa baridi, hewa ya chumba itaacha umande juu ya mbegu, na chupa nzima italowa kwa ajili ya sampuli ya mbegu 100. Pima kila mwaka, wiki sita kabla ya kusia, ili kama uotaji umeshuka ubaki na muda wa kutafuta mbegu nyingine.